Sauti Aliyoingoja Mzee Hyasinti Kapinga

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wetu, majirani, na ndugu mliotoka Mkumbi, Ngaka na kule ziwani Liuli, mimi ni Elias, mtoto wa kwanza wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia.

Baba yetu, Hyasinti Kapinga, alizaliwa hapa Kitura tarehe 14 Februari 1956, akasoma shule ya msingi hapahapa hadi mwaka 1970, akalima kahawa na wazazi wake, kisha mwaka 1976 akajiunga na jeshi, na vita vya Kagera vilipoanza alipelekwa mstari wa mbele. Mwaka 1979 ililetwa habari kwamba ameuawa, matanga yakakaliwa, na aliporudi kwa miguu yake mwenyewe alimkuta mama yake katika nguo nyeusi, akimtazama bila kuamini, mpaka alipomsikia akisema, "Shikamoo mama, ni mimi." Tangu hapo baba hakuamini habari za mtu aliye mbali kabla hajasikia sauti yake.

Aliacha jeshi mwaka 1982, tarehe 22 Oktoba 1983 akafunga ndoa na mama yetu Bonifasia, binti wa wavuvi wa Liuli, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Beata na Ida. Tangu 1984 hadi 2014 alihudumia mashine katika kiwanda cha kukoboa kahawa mjini Mbinga, na wenzake mliopo mnakumbuka jinsi mkanda wa mashine ulipokatika kwa kishindo alivyojitupa chini kifudifudi, akainuka, akajipangusa vumbi na kuendelea na kazi, nanyi hamkumcheka.

Ida alipoingia jeshini baba hakumzuia, ila alikonda. Mwaka jana Ida alipopelekwa nje ya nchi kulinda amani, alikuwa akipiga simu kila Jumapili, lakini Aprili mwaka huu wa 2023 tukasikia kuna mapigano huko, na simu zikakatika. Baba akawa anakula kwa kulazimishwa, simu iko mapajani, ikilia anashtuka, akisikia si Ida anairudisha palepale. Tarehe 20 Mei alipata kiharusi, akalazwa hospitali.

Tarehe 3 Juni ofisa mmoja wa jeshi alitupigia kwamba Ida yuko salama, mama akainama kitandani kumweleza.

"Umeisikia sauti yake?" baba akauliza.

"Sijaisikia, baba Elias, lakini wamesema mzima."

"Hata mama yangu aliambiwa," akajibu, akageukia ukutani.

Alifariki Jumatatu tarehe 5 Juni, alfajiri, bado anangoja.

Jana jioni simu ya mama ililia, kumbe ni Ida, amefika Dar es Salaam, analia. Mama alikimbia nayo ndani, akaifungulia spika, akaiweka sikioni mwa baba jenezani, akamwambia, "Sema, mwanangu, mwite."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuchimba kaburi, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na Baba Paroko kwa kukubali tusubiri, maana gari la Ida limeshapita Kigonsera, li karibu kufika, na hatutafunika jeneza kabla hajafika.

Baba, mtoto wako ni mzima, sote tumemsikia. Pumzika kwa amani.