Maître Antoine Mwenya Lombe (1951–2026), Mtetezi wa Sheria Iliyokwisha Kuandikwa

Maître Antoine Mwenya Lombe, ambaye leo tunamsindikiza, alizaliwa Kasenga tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa Mzee Lombe na Mama Kiki. Alisoma shule ya msingi papo hapo, sekondari akaja Lubumbashi, na mwaka 1977 akapata shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Walimu walimkumbuka kwa ubishi. Sisi wa nyumbani hatukuhitaji kukumbushwa.

Tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na Séphora Chileshe. Walijenga nyumba katika mtaa wa Hewa Bora, wakapata watoto wanne.

Kwa miaka thelathini na tano alikuwa wakili na mshauri wa mambo ya katiba. Mabadiliko hakuyapenda. Aliamini kwamba nchi haiponi kwa kuandika sheria mpya kila msimu wa mvua, bali kwa kuzisoma zilizopo. Mwaka 2011 tume moja ya mkoa ilimletea pendekezo la kuwaadhibu ndugu wanaowafukuza wajane. Alijibu kwa ukurasa mmoja: mambo ya familia ni ya bunge la taifa, mkoa hauna mamlaka. Pendekezo likafia hapo.

Miaka miwili baadaye dada yake, Mapalo, alifiwa na mume. Ndugu wa mume wakamtoa nyumbani, commune ya Kenya, humu humu Lubumbashi, yeye na watoto na sufuria zake. Alifika kwa kaka yake, akamwambia: "Yaya, kaka yangu, karatasi yako iko ya haki. Lakini miye na batoto tutalala wapi?"

Alimpokea, ila msimamo hakuubadili. Tangu hapo, kila Jumamosi alikaa katika ukumbi wa parokia pale Kenya, akiwaandikia wanaume wasia wa kuwaachia wake zao nyumba, bila malipo, kwa sheria ileile ya zamani. Wengi waliogopa.

"Maître, unataka nikufe?" mmoja alimuuliza.

"Yangu nilishaandika mara tatu," akajibu, "na bado niko nakula bukari."

Mganga hajigangi. Desemba iliyopita aliupasua wasia wake wa tatu ili aandike ulio bora zaidi, maana kuna koma mbili zilizomkera. Tarehe 3 Februari 2026 alipatwa na kiharusi. Alifariki Jumapili tarehe 8, wasia wa nne ukiwa mezani bila saini. Jambo hilo linatuuma, na kidogo linatutia haya.

Ameacha mjane, Mama Séphora, watoto Aaron, Clotilde, Falonne na Léa, wajukuu saba, dada yake Mapalo, na mpwa wake Lucien, mwana wa Mapalo, ambaye ukoo, kwa desturi ya kurithi upande wa mama, ulimtaja juzi kuwa mrithi wa nyumba ya Hewa Bora.

Lucien ni mimi ninayesoma. Nilikuwa mmoja wa watoto wale waliotolewa Kenya. Nyumba siichukui, wala asiichukue mwingine, na ninyi nyote ni mashahidi. Mama Séphora, tukitoka hapa unarudia mu nyumba yako.

Mjomba, sasa pumzika kwa amani.