Nilivyotambuliwa kwa Matusi

Mwenyekiti, asante kwa nafasi. Wazee wangu, shikamooni. Hapa Msowero mnanijua mimi ni mkulima, tena yule mkulima mwenye mdomo. Ng'ombe akikanyaga mahindi yangu, kijiji kizima kilikuwa kinasikia. Naona wafugaji mmeshaanza kucheka. Ngojeni kwanza.

Nilikuwa Mikumi, napakia mizigo kwenye malori, wakala akaniambia kuna kazi ya shamba nje, nchi ya jangwa. Nchi yenyewe siitaji, maana wenyeji walinitendea wema. Ndugu zangu, nawaambia, lile shamba halikuwa na hata mche mmoja wa bamia. Lilikuwa na mbuzi tupu! Mimi, mtoto wa mkulima, mjukuu wa mkulima, nikakabidhiwa fimbo.

Aibu ikanishika. Nikipiga simu nyumbani nasema, "Mimi ni msimamizi wa kilimo cha kisasa." Watanzania wenzangu wakaniambia nikajiandikishe ubalozini. Kumbe fomu inauliza unafanya kazi gani. Nikawaza, niandike mbuzi, halafu habari ifike Msowero? Sikujiandikisha.

Vita ikaanza. Mabomu yakilia, mbuzi wanalala chini, na mimi nalala katikati yao. Nililia, sifichi. Serikali yetu ikaleta mabasi ya kututoa hadi mpakani. Nikafika pale mwili mzima vumbi. Pasipoti alikuwa nayo tajiri wangu, mwenye mbuzi, na tajiri keshakimbia. Kwenye orodha jina langu hakuna. Na wapo watu wa nchi nyingine walioongea Kiswahili kizuri kunishinda, nao wanataka kupanda.

Afisa wa ubalozi, dada mmoja mpole, akampigia mwenyekiti wetu wa kijiji na kuweka sauti kubwa. Siku hiyo ofisi ya kijiji ilikuwa imejaa watu, na mwenyekiti naye akaweka sauti kubwa ili wote wasaidie kunitambua.

"Tuna mtu hapa anasema ni wa kwenu," dada akasema. "Anachunga mbuzi."

"Mbuzi? Hapana, dada. Wetu aliyeko huko ni msimamizi wa kilimo. Yule hawezi kushika fimbo ya mifugo hata umlipe."

Jamani! Basi limeshawashwa, na uongo wangu mwenyewe ndio unaniacha jangwani. Nikapiga kelele, "Mwenyekiti, ni mimi! Niliwadanganya! Nachunga mbuzi mwaka wa pili huu, na wananishinda!"

Nikasikia kicheko cha ofisi nzima. Kisha ikaja sauti ya mama mmoja mfugaji, jirani wa shamba langu.

"Mwenyekiti, ni yeye. Sauti hiyo ilikuwa inatukana ng'ombe wangu kila msimu, naijua kuliko ya mume wangu. Huyo ni wetu. Mrudisheni."

Dada akaandika jina langu. Nikapanda.

Naishukuru serikali, namshukuru yule dada, na mwenyekiti aliyepokea simu. Vijana mnaotaka kwenda nje, jiandikisheni ubalozini wiki ile ile mnayofika, na andikeni kazi mnayoifanya kweli, hata kama ni kuosha punda.

Na wewe mama, najua umo humu ndani. Siku ile ungeweza kunyamaza tu. Shamba langu lingebaki bila mwenyewe, ng'ombe wako wajilie, na hakuna mtu hapa ambaye angekulaumu. Ukasema mimi ni wenu. Nimesimama hapa kwa sababu hukunyamaza, mama yangu. Asante.