Niliulizwa Jina Chini ya Shuka Jeupe

Atukuzwe Mwenyezi Mungu, ndugu zangu! Itikieni basi, au ubwabwa umeshawalegeza? Atukuzwe! Haya. Dua ya marehemu baba yangu tumeimaliza, Mungu awalipe, na kabla hamjavaa viatu nina neno. Msiniambie nikae. Niacheni niseme huku natembeatembea, mnanijua.

Hapa Kibiti mnaniita Mwalimu Shabani, mwalimu wa ngoma, na watoto wenu nawafundisha mimi. Lakini wengi hamjui nimetokea wapi. Nimetokea Kiongoroni, ndugu zangu, kule delta, ambako mtoto wa kiume akipata nguvu kidogo anakabidhiwa shoka. Baba yangu, Mzee Mpate, alikuwa mkata mikoko, na baba yake vivyo hivyo. Maji yakitoka tunaingia matopeni, tunakata boriti, tunazibeba begani mpaka kwenye mtumbwi. Sasa tope la mikoko halina adabu. Ukisimama tu, limekushika. Magoti yamekwenda, na boriti iko begani! Ndiyo maana baba alinifundisha kwa kelele tangu nikiwa mdogo: "Usisimame, Shabani! Vuta mguu! Kisigino kwanza!" Nikavuta. Loo, nilivuta mpaka miguu ikasahau kutulia.

Ikaja ile miaka ya ruksa. Wakubwa mnaikumbuka. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa mitumba, redio na kaseti. Siku moja tulipeleka boriti Nyamisati, zikapakiwa kwenye lori, nasi tukapanda juu yake mpaka hapa Kibiti. Bwana Karimu, yule Mhindi aliyekuwa akiuza redio, alikuwa ameweka spika barazani kuita wateja. Ndugu zangu, sijui nilianza vipi! Nilishtukia watu wamenizunguka wanapiga makofi. Bwana Karimu akatoka, nikajua nafukuzwa. Wapi! Akasema, "Kijana, njoo kila siku ya gulio, cheza hapa hapa." Na palikuwa na kikundi cha vijana wacheza ngoma, wanazunguka mpaka Ikwiriri na Nyamwage. Wakaniambia nafasi ipo.

Nilirudi Kiongoroni mwili tu. Nikila, mguu unapiga. Nikilala, unapiga. Nikamwambia baba nataka kwenda Kibiti kucheza. Akacheka. Alipoona sitanii akaacha kucheka.

"Kucheza? Mwanangu, nani atakuoza binti yake, wewe wa kurukaruka barazani kwa watu? Na shoka hili namwachia nani?"

Mama akalia. Nilikuwa mtoto wao wa kiume pekee, mnaelewa uzito wake.

Nikatoroka. Baba akanifuata, akanikuta nacheza mbele ya lile duka, akanirudisha. Hakunipiga. Alinishika mkono taratibu, kama anayemwongoza kipofu. Heri angenichapa! Haukupita muda, msikitini, katikati ya swala, kidole gumba kikaanza chenyewe. Mzee wa jirani kwenye safu akanikanyaga. Baba alikuwa nyuma yetu, aliona yote. Siku ile nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo shangazi yangu Zuhura, dada yake baba, akasema: "Kaka, usimgombeze huyu mtoto. Ana pepo. Mpeleke kwa fundi akapungwe." Mngeuona uso wa baba! Aliingiwa na raha. Kumbe mwanawe si mkaidi, ni mgonjwa tu.

Sheikh, nakuona umekunja uso. Niwie radhi, mambo yale siyasifu, nasimulia yaliyonikuta. Kwa msiojua, mgonjwa hufunikwa shuka jeupe, hufukizwa ubani, ngoma zikapigwa mpaka pepo apande. Akipanda, fundi humuuliza jina lake na anachotaka. Na akishasema, ukoo mzima unakubali. Baba anaweza kumnyima mwanawe, lakini nani athubutu kumnyima pepo?

Tukiwa njiani kwenye mtumbwi, shangazi akaninong'oneza: "Usiwe mjinga, Shabani. Ukiulizwa, jitaje jina lolote la pepo. Sema unataka ngoma ya Kibiti. Watakupa, na baba yako hatafungua mdomo." Alinipenda, Mungu amrehemu. Nami nikaitikia. Jina nikalitafuta, nikaliweka tayari ulimini.

Ilikuwa baada ya alasiri, uani kwa Bibi Mwanaidi, fundi mwenyewe. Kijiji kizima kimejaa. Shuka likanifunika, ngoma zikalia. Jamani! Ati wanataka kunitibu kucheza, wananipigia ngoma! Miguu ilifurahi ajabu. Nilicheza mle gizani jasho likanitoka, vumbi likanijaa puani, wanawake wanashangilia wakidhani pepo kapanda. Kisha ngoma zikanyamaza.

"U nani?" Bibi Mwanaidi akauliza. "U nani, nawe wataka nini?"

Lile jina liko mdomoni. Na hapo, ndugu zangu, nikaogopa kuliko siku zote. Nikilitaja nitacheza, sawa. Lakini maisha yangu yote atakuwa anacheza pepo. Mama atanitazama kama mgonjwa mpaka anazikwa. Na baba hataniona mimi kamwe. Nikamlilia Mola wangu humo humo ndani ya shuka: Ya Rabi, nitoe! Na Mwenyezi Mungu alinitoa! Mkono wangu ukalivuta shuka, nikalitupa chini.

"Mimi ni Shabani bin Mpate. Sina pepo. Anayetaka kucheza ni mimi."

Shangazi akajishika kichwa: "Yallah, kajiharibia!" Bibi Mwanaidi akanisogelea, akanitazama machoni, akawageukia watu. "Hapa hamna pepo. Chukueni mtoto wenu."

Hakuna aliyesogea. Sasa nilikuwa mkaidi hadharani, sina pa kujificha. Baba akaja. Nikafumba macho nikingoja kofi. Halikuja. Nilipofumbua, alikuwa ameinama anaitazama miguu yangu, maana ilikuwa bado inakwenda, wallahi.

"Rudia," akasema. "Rudia ule wa kisigino."

Nikarudia. Akatazama kwa muda mrefu.

"Hatua hii si ya mjini," akawaambia watu. "Huyu anatoka matopeni na boriti begani. Hii nimemfundisha mimi." Akanigeukia, akaniambia, "Nenda Kibiti. Ila mzigo wa wiki hii tunaumaliza kwanza, usinikimbie."

Alhamdulillahi! Nashukuru mpaka kesho. Niliingia chini ya lile shuka nikiitwa mgonjwa, nikatoka mtoto wa baba yangu. Ndiye huyu tuliyemsomea leo. Shoka lake ninalo chumbani.

Basi, ndugu zangu, wewe mama mwenye kijana asiyetulia, usihangaike kumtafutia ugonjwa. Mtegemee Mungu aliyempa miguu hiyo. Muulize mwanao yeye ni nani na anataka nini, muulize mchana kweupe, bila shuka. Akisema ngoma, mlete kwangu kesho asubuhi. Nitamfundisha kama nilivyofundishwa na Mzee Mpate: usisimame, mwanangu, vuta mguu.