Risala ya Wazazi Waliobadilisha Pembe za Karatasi

Mgeni rasmi, Bwana Saïndou, Mkaguzi wa Mitihani kutoka Moroni, Mwalimu Mkuu, mashekhe wetu, wazee wa mji, na nyote mliokaa upande ule: assalaam alaykum.

MAKARIBISHO

Sisi wazazi kumi na mmoja tulioadhibiwa tunakukaribisha Mutsamudu, siku hii ya kufungua darasa jipya. Karibu wewe na wote mlioshuka kwenye ndege ile ndogo. Na wale Wazungu wawili wenye bunduki waliosimama pale mlangoni, nao karibu, ingawa kadi ya mwaliko hatukuwaandikia. Tangu walipoipindua serikali mwaka sabini na nane tumeshazoea kwamba wao hawasubiri kadi.

Anayesoma ni Moinahalima, muuza vitambaa, katibu wa wenzake. Mwalimu Mkuu ametupa dakika kumi na ametuomba tusilie. Kulia tutajizuia. Dakika hatuahidi.

Mgeni rasmi, utaona viti vya upande wetu vina watu kumi na mmoja tu, na upande ule watu wamejaa hadi wengine wamesimama. Usidhani wanakimbia jua. Mji hauketi nasi tena, na sababu unaijua kuliko mtu yeyote.

HISTORIA YETU

Kikundi chetu hakina katiba wala mwenyekiti. Kiliundwa na wewe mwenyewe, siku uliposoma majina yetu redioni. Kabla ya hapo tulikuwa watu wenye heshima zao: Djaffar wa karafuu, Attoumane wa mafuta ya mlangilangi, mimi na vitambaa vyangu, na wengine wa namna hiyo. Harusini tulikaa mbele.

Watoto wetu wakimaliza sekondari hushindania nafasi nane za chuo kikuu ng'ambo, maana hapa nyumbani chuo kikuu hatuna. Mtoto huandika jina lake kwenye pembe ya juu ya karatasi. Pembe hukunjwa ikafunikwa kwa gundi, ili mwalimu anayesahihisha kule Moroni asijue karatasi ni ya mtoto wa nani. Ni utaratibu mzuri sana. Sisi ndio tuliouharibu.

Karani wa mitihani wa hapa, Saandi, ambaye bado yuko ndani, alitujia mmoja mmoja. Alikuwa na mkasi na ulimi mtamu. Alikata pembe yenye jina la mtoto wako akaibandika kwenye karatasi ya mtoto mwenye akili, na pembe ya yule mwenye akili akaihamishia kwa wako. Mimi nilimpa bangili zangu za dhahabu. Djaffar alimpa pikipiki. Attoumane alimpa mabati. Yalikuwa ya nyumba ya binti yake Mounira, maana kwetu binti hujengewa nyumba na babake, na ile ilikuwa imebaki kuezekwa tu.

Hapo kwa Attoumane, Mgeni rasmi, utuvumilie tukae kidogo. Sisi wengine tulijua tunachokifanya. Binti yangu Loutfia nampenda kufa, lakini hesabu zilimkimbia tangu darasa la tatu, na sikuhitaji kuambiwa na mtu. Attoumane hakujua. Yeye ni mtu wa msahafu. Kiarabu anakisoma na kukiandika vizuri kuliko sisi sote, lakini Kifaransa kwake ni giza tupu. Kila mwisho wa muhula Mounira alimletea ripoti ya shule. Aliigeuza juu na chini, akasema, "Mashallah, mwanangu," kisha akaichukua hadi kwa Saandi, jirani yake pale Hombo, amsomee. Kumwambia binti ajisomee ripoti yake aliona si sawa. Mtoto anaweza kujipendelea.

Miaka miwili mizima Saandi alimsomea uongo. "Wa kati kwa kati, Bwana Attoumane," alisema. "Anajitahidi, maskini. Lakini nafasi ni nane tu, na huko juu kuna vichwa." Ripoti zote zilisema Mounira ni wa kwanza. Saandi alishayaona mabati yamepangwa uani.

Siku ya mtihani Mounira alirudi wakati wa alasiri, hata viatu hajavua.

"Baba, nimefanya vizuri! Swali la tatu, lile lililowaliza wenzangu, nimelimaliza lote."

"Inshallah, mwanangu," alisema Attoumane.

Mabati yalikuwa yameondoka jana yake kwa mkokoteni. Attoumane ametuambia hakuweza kumtazama usoni. Alikwenda kutawadha, akarudi, akaenda kutawadha tena.

Yaliyofuata unayajua. Gundi ya ofisi ilikuwa imekwisha, basi Saandi akapikiwa uji wa muhogo na mkewe, akabandikia huo. Karatasi zikaenda Moroni, zikasahihishwa, zikafungiwa kabatini kusubiri mkubwa wenu arudi safari. Wiki tatu. Mende wakaula ule uji. Ulipofungua kabati ili majina yasomwe, pembe ishirini na mbili zilimwagika sakafuni.

Gari la Wazungu lilitufuata asubuhi, soko limejaa. Tulikaa ndani Moroni wiki sita. Watoto ishirini na wawili, wetu na wale tuliowaibia, wakasafirishwa kwa meli, kila mmoja akaandika ukurasa mmoja mbele yenu ili mlinganishe miandiko. Halafu mkatuita sisi, mzazi mmoja mmoja, kutia sahihi. Ilipofika zamu ya Attoumane, wewe mwenyewe, Bwana Saïndou, ulimsomea. Karatasi uliyomnunulia mwanao, ulimwambia, ina kumi na tatu kati ya ishirini. Karatasi aliyoiandika mwanao kwa mkono wake ina kumi na sita. Ya kwanza kisiwani kwenu.

Attoumane aliomba usome tena. Ulisoma tena. Aliporudi chumbani kwetu aliketi akaweka kofia yake mapajani, ikakaa hapo hadi usiku wa pili.

MAFANIKIO

Darasa unalolifungua leo tumelijenga sisi, kwa amri yako. Mawe tumeyabeba kichwani, na chokaa tumeichanganya kwa miguu. Djaffar amepungua tumbo. Ukuta wa kushoto umepinda kidogo. Ule ni wa kwangu, na naomba radhi kwa watoto watakaokaa karibu nao.

Mafanikio mengine hatuna.

MATATIZO

Adhabu ya serikali ilikuwa na mwisho wake, na tumeimaliza. Adhabu ya mji haina tarehe. Wazee walikaa wakatutoa katika mambo ya watu. Hatualikwi harusini, chakula chetu hakiliwi, mkono wetu haupokelewi. Mwezi wa Rajabu alikufa mamake Djaffar, bibi aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa huu walipozaliwa. Waliokuja kumzika ni shekhe, wanawe, na sisi. Djaffar alichimba kaburi mwenyewe. Mgeni rasmi, hayo yalituuma, na tunayasema hapa mbele ya wenyewe waliokaa upande ule, wayasikie.

Tumewauliza wazee kwa nini hawatusamehe. Wakatujibu: nyie mmetoka gerezani, watoto mliowaibia je? Wana haki. Maana sheria yenu, Bwana Saïndou, ilisema karatasi yoyote iliyokatwa pembe imekufa, na mwenye jina hafanyi mtihani huo tena maisha yake. Hamkubagua aliyekata na aliyekatwa. Watoto kumi na mmoja ambao hawakujua lolote wamefutwa pamoja na wa kwetu.

Mmojawao ni Zalifa wa Mirontsy. Karatasi yake ndiyo aliyonunuliwa Mounira. Mama yake, jina lake Hayati, anauza samaki. Attoumane alikwenda kwake kwa miguu mchana wa jua kali, akamkuta anaparua magamba.

"Mji umesema nisikupe kiti, Baba Mounira," Hayati alimwambia. Akageuza ndoo. "Kaa hapo. Ndoo si kiti."

Attoumane akaketi, akaomba msamaha.

"Mimi nimekusamehe," Hayati akasema. "Nina kazi, siwezi kubeba samaki nikakubeba na wewe. Yule mwanangu aliyemo ndani simsemei."

Ndani cherehani ilikuwa inalia. Ikanyamaza.

"Muulize, mama," sauti ikasema, "nilipata ngapi?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mlituambia sisi wezi, kwa kuwa ndio tuliotia sahihi.

"Kumi na tatu," alisema Attoumane.

"Zilikuwa zinatosha?"

"Kumi na mbili zilitosha, mwanangu."

Zalifa akarudia mshono wake. Cherehani ikaanza upya, na Hayati akainama kwenye samaki wake akilia bila kujificha. Attoumane akarudi Hombo.

Tatizo letu la mwisho ni Mounira mwenyewe. Tangu ile siku ya kuandika ukurasa mmoja mbele yenu hakurudi Mutsamudu. Yuko Moroni, mtaa wa Magoudjou, kwa shangazi yake Zaharia, anapiga pasi nguo za watu. Vitabu vyake vyote amegawa. Attoumane alipanda meli akamfuata. Mounira alimpokea kwa adabu zote, akambusu mkono, akampa maji ya kunywa. Kisha akarudi kwenye pasi yake.

"Mwanangu," alisema Attoumane, "karatasi uliyoiandika wewe ilikuwa ya kwanza kisiwani. Kumi na sita."

Mounira aligeuza kola ya shati.

"Na hiyo umeitolea nini, baba? Mabati si yamekwisha?"

Attoumane aliapa. Akaapa mara ya pili, kwa msahafu. Zaharia akamwambia, "Kaka, basi, unamtesa mtoto." Alipoondoka, binti alimsindikiza hadi barabarani, akamtakia safari njema.

Hivyo ndivyo ilivyo, Mgeni rasmi. Mounira hamchukii babake, na afadhali angemchukia. Anaamini tu kwamba babake, aliyemjua tangu kuzaliwa, alimtazama akaona hafai, na kwamba babake alikuwa sahihi. Sisi wengine tumepoteza heshima, na heshima tulistahili kuipoteza. Yeye amepotezewa akili yake mwenyewe, nayo bado anayo kichwani. Attoumane akikaa nasi huanza kuisimulia habari hii, akifika hapo kwenye mabati huondoka. Ndiyo maana leo imesomwa na mimi.

MAOMBI

Maombi tuliyabishania siku tatu. Mmoja alitaka leseni yake ya duka, mwingine pasipoti. Mimi nilitaka mji utusamehe kabla sijafa, nisije nikazikwa kama mamake Djaffar. Tulikuwa na karatasi nzima. Tumeyafuta, yamebaki mawili.

La kwanza. Watoto kumi na mmoja tuliowaibia waruhusiwe kuufanya mtihani mwezi wa Juni. Majina yao unayo. Hawakushika mkasi, hawakutoa bangili, na wengine hadi leo hawajui walipata ngapi. Ukilikataa ombi hili, tafadhali usimame hapa ulikatae wewe mwenyewe kwa sauti, kwa kuwa mama zao wamo katika wale waliokosa viti.

La pili ni la Mounira. Tulitaka tumwombee naye, Attoumane akakataa. Alisema, mkimwombea nafasi ataona nimeinunua tena. Basi hatumwombei nafasi. Ijumaa ijayo Mounira anapanda meli kwenda kufanya kazi za ndani kwa familia moja ya Wazungu, kisiwa cha Réunion, kwa mkataba wa miaka mitano. Amekwisha kuchukuliwa picha ya pasipoti. Leo ni Jumanne. Wewe, Bwana Saïndou, unarudi Moroni kesho asubuhi. Nyumba ya Zaharia iko Magoudjou, nyuma ya tanuri la mikate, mlango wa kijani. Mtu yeyote pale atakuonyesha.

Nenda na ile karatasi. Wewe ndiwe uliyetufunga, hakuna atakayefikiri tumekupa kitu. Mwonyeshe mwandiko wake, mwonyeshe lile swali la tatu, umsomee alama kama ulivyomsomea babake. Akikuomba usome tena, soma tena. Usimwambie ni Attoumane aliyekutuma. Hatukuombi umzuie asipande meli. Ni mtu mzima na amri ni yake. Tunakuomba apande akiwa anajua.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama, akupe afya, na awafungulie watoto watakaosoma katika darasa hili. Atusamehe na sisi, kwa wakati wake. Amina.

Ni sisi,

Wazazi Kumi na Mmoja wa Pembe za Karatasi,
Mutsamudu, Machi 1984.