Mashoto, Aliyesema Mpira Ulikuwa Ndani

Ndugu, jamaa na majirani, pamoja nanyi wageni mliokuja na maua makubwa: marehemu dada yetu, ambaye hata wapinzani wake walimwita Mashoto, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mama dobi. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, na ukuta wa kiwanda ndio uliokuwa uwanja wake wa kwanza. Mama alifua taulo za klabu ya tenisi ng'ambo ya barabara. Siku moja alirudi na raketi iliyotupwa, nyuzi zimekatika. Baba akaisuka upya kwa uzi wa kushonea soli. Ilikuwa nzito kama mwiko wa shughuli, lakini ilipiga.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968. Mwalimu wake wa kwanza hakutaka kuona mtoto anaandika kwa mkono wa kushoto, na fimbo yake haikujua kuchoka. Marehemu akajifunza kuandika kwa wa kulia. Baba alipomuuliza mbona raketi anaishika kwa wa kushoto, alijibu, "Huu shuleni hauna kazi, baba. Nimeutafutia." Alimaliza sekondari mwaka 1978. Kufikia hapo ukuta wa kiwanda ulikuwa umebanduka rangi, na klabu iliyokuwa ikimwingiza kwa mlango wa taulo ikamfungulia lango la mbele.

Alitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1981 na 1982. Mimi, mdogo wake, nilikuwa shabiki wake kabla magazeti hayajamjua. Niliujua mpira wake wa kona kabla haujatoka kwenye raketi. Kuna siku uzalendo ulinishinda, nikapiga kelele mpira ukiwa bado hewani: "Dada, mmalize!" Mwamuzi akasimamisha mchezo. Marehemu akamwendea. "Tusamehe, mwamuzi, huyo ni wa kwetu," akasema. "Na nyumbani ndiye mkimya."

Kisha ikaja fainali ya tarehe 20 Agosti 1983. Ilibaki pointi moja awe bingwa mara ya tatu. Mpinzani akapiga mpira wa mbali, msimamizi wa mstari akaita nje, jukwaa zima likasimama, viongozi wa klabu wakaanza kukumbatiana. Dada yangu hakunyanyua mikono. Alitembea mpaka penye alama ya mpira, akaionyesha kwa ncha ya raketi, akamwambia mwamuzi, "Ulikuwa ndani." Pointi ikaenda kwa mwenzake, na baadaye kombe nalo likaenda.

Klabu haikumsamehe. Kwenye timu ya kusafiri hakuitwa tena, na alipoomba kufundisha watoto pale, aliambiwa wanatafuta mtu mwenye moyo wa ushindi. Picha yake tu haikuondolewa ukumbini, maana wageni waliipenda. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Alifundisha michezo katika shule ya msingi, kwa ukuta na mipira iliyochakaa, hadi alipostaafu mwaka 2016. Hakuwahi kulalamika. Nililalamika mimi, kwa niaba yake, na naendelea.

Tarehe 7 Juni 1986 aliolewa na dereva wa lori ambaye tenisi aliiona kwa mara ya kwanza akiwa mchumba. Aliposikia hesabu inakwenda kumi na tano, thelathini, kisha arobaini, aliuliza nani kala zile tano. Walijaliwa binti mmoja, ambaye leo ni muuguzi.

Mwezi Februari 2021 alipata kiharusi, na katika pande mbili za mwili kikachagua wa kushoto. Kutoka klabuni hakuja mtu. Aliyekuja kila wiki ni yule mpinzani wa fainali, ambaye nyumbani tunamwita Bingwa. Alikaa kitandani akimkanda vidole vilivyolala na kumwambia, "Kombe langu lina jasho lako."

Novemba 2023 klabu iliandaa mashindano ya kuadhimisha kuanzishwa kwake. Marehemu aliomba jambo moja: kukaa kando ya uwanja atazame. Shemeji akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi langoni. Askari akapiga simu ndani, kisha akarudi akiangalia viatu vyake. "Samahani, mama. Wanasema magurudumu yataharibu uwanja." Picha yake ilikuwa ndani, imevishwa utepe. Mwenyewe alitazama kutoka barabarani, kupitia matundu ya waya. Nilipoanza kumfokea askari, dada aliniwekea kidole cha mkono wa kulia mdomoni. "Nyamaza," akasema kwa ulimi mzito. "Anaanzisha mpira."

Alifariki nyumbani kwake Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya mkono wa binti yake.

Juzi mwenyekiti wa klabu alikuja sebuleni kwetu, akanywa chai, akaomba wasifu huu useme kwamba klabu ilisimama naye hadi dakika ya mwisho. "Ni neno dogo tu, dada," aliniambia. "Msibani si mahali pa kukunjiana nyuso." Nilitaka kumjibu, lakini mama yetu, aliyefua taulo zao mpaka mikono ikapasuka, alinitangulia kwa kuniuliza mimi, si yeye: "Wewe ulikuwepo. Mpira ulikuwa ndani au nje?"

Mama, mpira wao ulikuwa nje. Mwanamke aliyejinyima kombe kwa sababu ya alama ya mpira hatuwezi kumzika na uongo, hata uwe mdogo, hata uje na maua.

Marehemu ameacha mama mzazi, mume, binti mmoja, mdogo wake anayesoma haya, na Bingwa, ambaye leo ameketi upande wa familia. Tunaomba jeneza likishuka pasiwe na hotuba wala makofi. Tunyamaze, kama alivyonifundisha pale langoni. Apumzike kwa amani.