Kaka Yetu Seremala, na Ugonjwa Uliochelewa Kupata Jina

Kaka yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Pole, alizaliwa tarehe 9 Juni 1968, mtoto wa pili kati ya watano wa mwalimu na mkunga. Alisoma shule aliyofundisha baba, akamaliza darasa la saba na kumwambia, "Baba, vitabu vinanisinzisha, mbao zinaniamsha." Mzee hakucheka, lakini alimpeleka chuo cha ufundi. Alihitimu mwaka 1986.

Alifungua karakana nyuma ya soko, akasifika kwa milango. Kwa mama mmoja alirudi mara tatu kurekebisha mlango uleule, hadi mama akamwambia, "Fundi, mlango huu hauumwi. Sema unachotaka." Akasema. Alimwoa binti wa nyumba ile tarehe 14 Novemba 1992.

Mwaka uliofuata alianguka karakanani, msumeno mkononi, akitetemeka mwili mzima. Majirani walisema mapepo. Zahanati walisema kifafa, tena cha kurithi. Neno hilo la kurithi ndilo lililomvunja. Yeye na wifi walikubaliana wasizae, wasije wakamwachia mtoto mateso yale. Watu walipouliza watoto wako wapi, wifi alibeba lawama peke yake.

Alimeza dawa za kifafa miaka mingi. Machi 2015 kichwa kilizidi kuuma, macho yakaanza kufifia. Daktari wa hospitali kuu alimpiga picha ya kichwa, akampima na damu, kisha akatuonyesha vidoa vyeupe kwenye ubongo.

"Hivi ni vifuko vya minyoo ya tegu. Mayai yake huingia kwa chakula au maji machafu. Vingine vimekufa zamani, vimekuwa kama changarawe."

"Kwa hiyo hairithiwi?" kaka aliuliza.

"Hairithiwi kabisa."

Kaka alimgeukia mkewe, aliyekuwa na miaka arobaini na sita. "Mke wangu, kumbe tungezaa."

Wifi alimfunga vifungo vya shati. "Twende nyumbani," alisema. "Umechoka."

Dawa zilimpa nafuu, akarudi kazini. Lakini baadaye maji yalijaa kichwani, na upasuaji haukusaidia kwa muda mrefu. Alisahau majina yetu sote, isipokuwa la mkewe. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Agosti 2019, wifi akimnywesha chai.

Ameacha mke, ndugu wanne, na watoto wetu waliomwita baba. Wa kumzaa hakuacha. Wifi ameomba hilo lisomwe bila kufichwa, na kwamba mwenye mgonjwa wa kuanguka nyumbani ampeleke akapimwe kichwa, asiridhike na jina la kwanza atakalopewa.

Mungu ampe kaka yetu pumziko na amani.