Syombua wa Nane Buluu: Aliyekataa Kuzikwa Mapema

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Kama una sufuria motoni, punguza moto kidogo. Kama uko dukani, mhudumie huyo mteja kwanza, kisha urudi. Leo nina habari za mtu.

Anaitwa Syombua Kilonzo. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Syombua Kilonzo, wa Jericho, Nairobi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alishona viatu na mikoba ya ngozi katika soko la Kariokor. Alifariki Jumanne, wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Ameacha binti mmoja, Wanza. Ameacha kaka yake mkubwa, Kimanzi. Na ameacha wenzake thelathini na mmoja wa Darasa la Nane Buluu, mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na nane.

Najua mnajiuliza darasa linatafuta nini kwenye orodha ya wafiwa. Subirini kidogo.

Kabla sijaenda mbali, kuna sharti. Syombua alimwachia binti yake agizo, na Wanza ameniandikia kwenye karatasi nisije nikakosea. Linasema hivi: "Nikifa, asisimame mtu aseme eti nimeshindwa na saratani. Mimi sikuwa kwenye mashindano." Basi, Wanza, nimesikia. Sisemi.

Syombua alizaliwa Jericho, kwenye zile nyumba za zamani za baraza la jiji. Baba yake alikuwa fundi wa akala, vile viatu vya tairi, pale Kariokor. Alikata tairi mpaka vidole vikawa vigumu kama tairi lenyewe. Shuleni, Syombua aliketi nyuma kwa sababu ya urefu, na huko nyuma aliona kila kitu. Mwalimu akiita majina asubuhi na mtu asiitike, hakuandika kwanza. Aliuliza, "Syombua, yuko wapi?" Naye alijua. Huyu ana surua. Yule amepelekwa kwa nyanya yake Kitui. Mwingine hana viatu, anaona haya. Jioni alipita kwao, mmoja mmoja, kuwaambia darasa limefika wapi.

Alifika kidato cha pili tu. Baba yake aliugua, na Syombua akashika sindano ya ngozi. Wenzake wakaendelea. Wengine wakawa makarani, wengine madereva, mmoja mwalimu wa chekechea. Lakini mguu hauachi kuhitaji kiatu. Walipopita Kariokor, sauti iliwaita kutoka kibandani: "Wee! Unapita kama hunijui? Njoo, una habari gani?"

Ukijibu "nzuri" hakukubali. "Nzuri ni jibu la kumpa polisi," alisema. "Mimi nakuuliza habari."

Mwaka wa elfu mbili na kumi na tano alifungua kundi la WhatsApp. Akaliita Nane Buluu. Siku ya kwanza aliandika sheria moja: "Hapa hatungoji mtu afe ndipo tuongee. Leteni habari ndogo."

Na zikaja. Junaid ameanza kuvaa miwani, anaisahau kichwani na kuitafuta nyumba nzima. Apondi, yule mwalimu wa chekechea, amepata mjukuu. Mtu anauliza dawa ya goti. Mwingine mtoto wake wa kidato cha nne hasemi na mtu, afanyeje? Habari za watu wa makamo, wasikilizaji wapendwa. Hakuna gazeti litakalozichapisha. Syombua alizisoma zote, na alizijibu zote, gundi ikiwa bado haijakauka vidoleni.

Sasa, kulikuwa na Kimeu. Huyu alikuwa karani wa bohari huko Industrial Area. Kampuni ikafungwa, Kimeu akabaki nyumbani akiwa na miaka arobaini na sita. Siku moja, bila kuaga, akajiondoa kundini. Simu hapokei. Wenzake wakasema, "Mwacheni, ana aibu. Atarudi mwenyewe."

Syombua akawajibu, "Mtu akitumbukia shimoni, nanyi mnasema atarudi mwenyewe?"

Jumamosi hiyo alifunga kibanda mapema akaenda Umoja, kwa Kimeu. Akabisha. Pazia likacheza, mlango haukufunguliwa. Mkewe alikuwa kazini. Syombua akaazima kigoda kwa mama wa mboga wa jirani, akaketi mbele ya mlango, akatoa simu. Akaanza kusoma kwa sauti, kama mimi ninavyowasomea nyinyi hapa.

"Kimeu, leo ni Jumamosi. Habari ni hizi. Junaid ameibiwa kuku watatu na jogoo. Apondi ameng'olewa jino, shavu limekuwa kama andazi. Mimi nimepata oda ya viatu kumi na viwili vya arusi, na bwana arusi ana mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake. Hizo ndizo habari. Kwaheri."

Akarudisha kigoda. Akaenda zake.

Jumamosi ya pili, vilevile. Majirani wakaanza kutoka na vikombe vyao vya chai kusikiliza. Mama wa mboga akauliza, "Huyo Junaid alifanya nini na mwizi wa kuku?" Syombua akamwambia, "Dada, ngoja wiki ijayo."

Jumamosi ya tatu hakufika hata nusu ya habari. Mlango ulifunguka. Kimeu alisimama pale na ndevu za wiki nyingi na fulana ya kulalia. Nilizungumza naye juzi, akaniambia maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Yule jogoo alipatikana?"

"Alipatikana kwa jirani. Jirani anaapa ni wake tangu kifaranga."

Kimeu akacheka. Anasema alicheka mpaka akashika mlango, na kile kicheko kikageuka kilio palepale, mbele ya watu wote wa ploti. Syombua hakumwambia pole. Alimwambia, "Weka chai, manze. Nimekaa nje wiki tatu."

Kimeu hakupata kazi siku hiyo. Alikaa miezi minane mingine bila kazi. Lakini alikaa akiwa na watu. Leo anachonga funguo pale Umoja, na ameniomba niseme jina lake bila kulificha. Nimelisema.

Wasikilizaji wapendwa, miaka miwili iliyopita ilikuwa zamu ya Syombua mwenyewe. Alikonda. Chakula kikawa hakikai. Hospitali wakamwambia ni saratani ya tumbo. Aliwaambia wenzake siku ileile, kwa maneno mawili matatu, kama anayetangaza mvua.

Kundi likanyamaza. Watu waliona vibaya kuandika habari za goti wakati mwenzao anaumwa saratani. Zikabaki pole na mikono ya maombi, asubuhi mikono, jioni mikono. Siku kumi na moja hakuna aliyeleta habari ndogo hata moja.

Ndipo ukaja ule ujumbe wa sauti. Junaid bado anao, na kwa ruhusa ya familia alinisikilizisha. Sauti ni nyembamba, lakini imekasirika kwelikweli.

"Nane Buluu, niaje. Ni Syombua. Sijafa. Leo nimekula ugali kiganja kimoja na ukakaa. Sasa mbona mnanizika? Junaid, ile miwani umeivunja tena, najua, mke wako ameniambia. Kwa nini sijasikia kwako? Atakayeniandikia pole tena namtoa kundini. Nimemaliza."

Na alimtoa mtu kweli. Mmoja alisahau akaandika pole, akatolewa kwa siku mbili.

Kaka yake, Kimanzi, hakufurahia. Kimanzi ni dereva mstaafu, mtu wa maneno machache, na ndiye aliyemlea Syombua baada ya baba yao kufariki. Daktari alikuwa amesema mgonjwa apumzike. Baada ya duru ya tatu ya kemo, ile dawa kali ya saratani, Kimanzi akaichukua ile simu akaifungia kabatini. Siku tatu. Siku ya nne Syombua akashuka kitandani, akatembea akishika ukuta mpaka sebuleni, akasimama mbele ya kaka yake.

"Kaka, nakuheshimu. Wewe ndiwe baba yangu sasa. Lakini dawa napewa hospitalini, na habari napewa na darasa langu. Ukinikatia moja, nikatie zote."

Kimanzi aliniambia, "Nilidhani namlinda. Nilipomtazama miguu inavyotetemeka, na bado hakai, nikaenda kufungua kabati."

Mwaka jana mwezi wa nane daktari akasema dawa hazifanyi kazi tena. Imebaki miezi. Syombua akaomba jambo moja: Nane Buluu ikutane shuleni, Jericho, katika chumba kilekile.

Walifika ishirini na wanne. Walijiandaa kwa mapenzi, nisiwalaumu. Mbele waliweka kiti kilichopambwa kwa kitambaa cheupe na maua. Kulikuwa na ratiba iliyopigwa chapa: wimbo, sala, kisha hotuba za wasifu wa Syombua Kilonzo. Akaingia akiwa ameshikwa mkono na Wanza, akakitazama kile kiti. Akaichukua ratiba akaisoma yote, polepole, juu mpaka chini.

"Hii ni matanga," akasema. "Nani amekufa?"

Akaikunja ratiba, akampa Kimeu aitie mfukoni. Akapita kile kiti chenye maua, akaenda kuketi nyuma kabisa, kwenye dawati la watoto, magoti yakiwa juu kama ya panzi.

"Haya. Kila mtu asimame aseme habari moja ya wiki hii. Ugonjwa wangu haumo. Junaid, anza."

Junaid akasimama akijikohoza. "Mimi wallahi sina kubwa. Mke wangu amesafiri Lamu, nimejipikia chapati. Zimekuwa ngumu, paka mwenyewe kazikataa." Chumba kikaangua kicheko, na kuanzia hapo ikawa zamu kwa zamu. Mtu amepaka nyumba rangi. Mtu amekosana na dada yake kwa ajili ya ng'ombe. Mtu ameota mvi kwenye nyusi.

Ikafika zamu ya Apondi. Apondi akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Nimeanza kusahau majina ya watoto darasani," akasema. "Wiki hii nilisahau jina la mjukuu wangu. Mamangu alianza hivihivi. Sijamwambia mtu. Naogopa."

Kutoka nyuma ikasikika ile sauti nyembamba.

"Umeenda hospitali?"

"Bado."

"Jumatatu tunaenda. Mimi foleni zote nazijua."

"Syombua, wewe mwenyewe unaumwa..."

"Apondi, nimekuuliza kama naumwa? Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, uwe umevaa."

Na Jumatatu walikwenda, wasikilizaji wapendwa. Mwanamke aliyeambiwa amebakiza miezi tu alipanga foleni ya mwenzake. Alikaa kwenye benchi la mbao tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Alikataa kwenda kulala kwenye gari lililowaleta. Mara mbili alikwenda chooni kutapika, akarudi, akauliza, "Tumesogea?" Apondi alilia akimwambia warudi nyumbani. Akamjibu, "Lia, lakini usitoke kwenye foleni."

Vipimo vilitoka wiki iliyofuata. Ilikuwa tezi ya shingo iliyolegea. Ina dawa. Leo Apondi anameza kidonge kimoja kila asubuhi, na majina ya watoto wake wa chekechea yamerudi. Aliniimbia yote kwa simu, thelathini na sita, bila kukosea.

Syombua aliishi miezi mingine mitano. Wanza anasema asubuhi ya mwisho mama yake aliamka mapema akaomba asomewe kundi. Wanza akasoma. Mtu alikuwa ameuliza bei ya saruji. Syombua akasema, "Mwambie, Kimeu anajua duka." Wanza akaandika. Mama akafumba macho. Kabla ya saa nne alikuwa ameondoka.

Walimzika Mbooni, Jumamosi, karibu na wazazi wake. Wenzake ishirini na tisa walifika. Mhubiri alipoanza kusema kwamba marehemu "alipambana akashindwa," Wanza alisimama mbele ya watu wote, binti wa miaka ishirini na miwili, akasema, "Samahani, mchungaji. Mama alikataza hilo neno." Mchungaji akatazama chini, akafungua ukurasa mwingine.

Jumatatu yake kundi lilikuwa kimya. Jumanne kimya. Jumatano, saa mbili asubuhi, Apondi akaandika: "Bomba la jikoni kwangu limepasuka. Maji yamefika sebuleni. Fundi anasema yuko njiani tangu jana."

Mtu mmoja akamjia juu. "Apondi, siku nne tu tangu tumzike! Huna haya?"

Apondi akajibu, "Haya ninayo. Na maji pia ninayo, yamefika magotini. Nani ana fundi?"

Kufikia saa tatu majibu yalikuwa arobaini na tatu. Junaid alituma namba za mafundi wawili na onyo kuhusu mmoja wao. Kimeu alikuwa ameshapanda gari kutoka Umoja na spana.

Kwa Wanza, kwa mzee Kimanzi, na kwa ukoo wote wa Kilonzo kule Mbooni na hapa Jericho: sisi wa kipindi hiki tunaungana nanyi. Kwa mafundi wa Kariokor walioacha kibanda chake kikiwa kimefungwa bila mtu kuweka bidhaa mbele yake, tumeliona hilo, nasi tunawashukuru. Na kwa Nane Buluu, thelathini na mmoja mliobaki, mkono wangu huu hapa. Sisemi neno la pole. Namwogopa Syombua.

Nawe unayenisikiliza, yuko mtu mliyeketi naye dawati moja. Unalo jina lake, hata sasa limekujia. Hujui amekula nini jana. Hujui kama anasahau majina. Usingoje kamati ya mazishi ikupe namba yake. Itafute leo, mpigie. Akikwambia ni mzima, habari nzuri, usikubali. Muulize tena.